Nyumba Ukingoni mwa Genge la Bahari: Cha Kufanya Kabla Ardhi Haijaondoka

Kwenye magofu ya Husuni Kubwa, kule Kilwa Kisiwani, kuna somo ambalo kila anayejenga juu ya bahari angelisoma kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Jumba hilo la sultani lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya genge, mahali pa upepo mzuri na bahari yote mbele. Upande wake wa mashariki umekuwa ukipotea kidogo kidogo, na magofu ya Kilwa yaliwahi kuwekwa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, kuanzia 2004 hadi 2014. UNESCO ilipoeleza kinachoila Husuni Kubwa, ilitaja maji ya mvua: yanapita juu, yanakokota udongo, na kuta zinabaki zikining'inia ukingoni.

Ninaanza na Kilwa kwa sababu moja. Nyumba ikianza kutishiwa, karibu kila mtu hutazama chini kwenye mawimbi, kisha huuliza bei ya ukuta. Ukimuuliza maji ya paa lake yanakwenda wapi, anakushangaa. Ilhali bahari hana uwezo nayo, na bomba ni lake.

(Genge ninalolisema si la kuuzia nyanya, wala si genge la vijana wa mtaani. Ni ule ukuta wa mwamba au udongo unaoshuka ghafla hadi pwani.)

Hatua ya 1: Jua genge lako ni la nini

Shuka pwani maji yakiwa yamepwa, simama mbali, ulitazame genge kuanzia chini hadi juu kama unavyomtazama mtu usoni.

Magenge mengi ya pwani yetu ni ya mwamba wa matumbawe. Ukipita Tiwi, kisiwa cha Mombasa au Kizimkazi utayaona: meusi, yamejaa ncha kali, yanachana viatu. Mwamba huo ulikuwa tumbawe hai miaka takriban 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Kwa jinsi ulivyo mgumu, mwenye nyumba hulala usingizi. Lakini mwamba huo ni chokaa, ileile tunayoichoma tukapakia kuta, na chokaa huyeyuka polepole kwenye maji ya mvua. Chini, kwenye usawa wa maji kujaa, mawimbi hupiga, na konokono na wadudu wa baharini hukwangua na kutoboa mwaka mzima. Matokeo yake genge linalika tumboni huku kichwa kikiwa kizima, na unachokiona juu kama uwanja imara ni rafu iliyoshikwa upande mmoja. Likianguka, huanguka pande kubwa mara moja.

Genge la udongo, mchanga mwekundu au mfinyanzi, lina tabia nyingine. Hilo halifichi. Kila masika linamega kidogo, linateleza, linaacha rundo chini, na bahari inakuja kulizoa rundo.

Aina ya tatu ni mwamba chini na udongo juu. Hapa watu hudanganyika sana kwa sababu wanaona mwamba wakiwa pwani, wakati nyumba imekaa juu ya mita mbili tatu za mchanga. Chimba shimo dogo karibu na nyumba, upande wa barabarani, uone unagonga mwamba kwenye kina gani. Fundi aliyechimba msingi au choo anaweza kukumbuka, muulize.

Hatua ya 2: Pima, na uandike

Unahitaji futi kamba ya mita 30, vipande vitatu vya nondo, rangi ya mafuta, mwanzi mrefu uliotiwa alama kila nusu mita, na daftari ambalo halitatumika kwa hesabu za duka.

Kwenye ukuta wa nyumba unaotazama bahari weka alama tatu za rangi: kona mbili na katikati. Kutoka kila alama nenda moja kwa moja kuelekea baharini, usimame mita 5 kabla ya ukingo, upige nondo hapo. Pima kutoka ukutani hadi kwenye nondo. Kipande kilichobaki kimalizie kwa mwanzi, ukiwa umesimama kwenye nondo na kuusukuma mbele hadi ncha ifike ukingoni. Usiende kuchungulia na futi mkononi. Ukingo wenyewe ndio sehemu usiyoijua.

Andika tarehe, vipimo vitatu, na maneno machache: mvua imenyesha vipi, kuna ufa mpya, kuna jiwe limeanguka. Piga picha ukiwa mahali palepale kila mara. Fanya hivyo mara mbili kwa mwaka: Machi kabla ya masika, na Oktoba kusi ikishapoa. Ongeza kipimo baada ya dhoruba yoyote iliyokuja pamoja na bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Kwetu bamvua si jambo dogo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na bamvua kubwa zaidi huja karibu na Machi na Septemba. Mamlaka za bandari hutoa majedwali ya maji. Kama huna, uliza mvuvi yeyote. Atakupa siku kwa kutazama mwezi tu.

Kwa miaka iliyopita kabla hujaanza kupima, fungua programu ya Google Earth kwenye kompyuta, tafuta paa lako, urudishe picha nyuma. Maeneo mengi ya pwani yana picha za miaka ya 2000. Chagua kitu kisichohama, mfano kona ya nyumba ya zamani au njia panda, upime kutoka hapo hadi ukingoni katika picha ya zamani na ya leo.

Sasa hesabu. Tuseme kutoka ukutani hadi ukingoni una mita 14. Kama genge ni la matumbawe na limelika chini, toa kina cha tumbo. Kukipata, piga picha ukiwa pembeni wakati maji yamepwa, na mwenzako asimame nje ya kivuli cha mwamba ameshika mti wa mita 2 ili upate kulinganisha. Tumbo likiwa mita 3, nyumba yako haiko mita 14 kutoka ukingoni. Iko mita 11. Zile 3 ni za bahari tayari, haijaja kuzichukua.

Kwa genge la udongo kipimo changu ni kingine: ninatoa urefu wa genge. Genge la udongo lenye urefu wa mita 8 likisimama wima linatafuta kulala, na likilala linakula juu karibu kiasi cha urefu wake. Kwa hiyo mita 14 zako ni 6. Nyumba iliyo karibu na ukingo kuliko urefu wa genge, mimi nahesabu imeshaingia eneo la hatari hata kama haina ufa mmoja. Hiki ni kipimo cha kukuamsha. Mhandisi wa udongo na miamba atakupa chake, na chake ndicho cha kufuata.

Tahadhari moja kuhusu wastani. Pwani ya Holderness, mashariki mwa Uingereza, ni genge la mfinyanzi linalorudi nyuma karibu mita 2 kwa mwaka. Hakuna anayepoteza mita 2 kila mwaka. Anapoteza kidogo sana miaka kadhaa, kisha usiku mmoja wa dhoruba unachukua deni lote. Matumbawe ni hivyo hivyo, tena zaidi: miaka 20 ya sifuri, kisha pande la ukubwa wa chumba.

Hatua ya 3: Soma dalili

Dalili kubwa kuliko zote ni ufa ardhini unaokwenda sambamba na ukingo. Hata ukiwa mwembamba kama uzi, hata ukiwa umejaa majani makavu. Piga misumari miwili mirefu, mmoja kila upande wa ufa, upime nafasi kati yake kila wiki. Ukipanuka, ruka hatua zote zinazofuata uende hatua ya 8.

Ndani ya nyumba, tazama milango na madirisha ya upande wa bahari. Mlango uliofungwa vizuri miaka kumi ukianza kukwama juu, fremu imepinda, na fremu haipindi bure. Nyufa za plasta nyembamba zilizotapakaa mara nyingi ni za plasta yenyewe. Ufa wa mshazari unaopita kwenye matofali yenyewe, mpana juu na mwembamba chini, ni msingi unaoshuka.

Huko chini tazama rangi ya mwamba. Matumbawe yaliyopigwa na jua na chumvi kwa miaka huwa meusi au kijivu, na yaliyovunjika karibuni huwa meupe kama maziwa. Doa jeupe kwenye uso wa genge ni tarehe, kama umeizoea kuisoma. Linganisha na picha zako.

Mnazi ulioinama baharini usikutishe peke yake, minazi ya pwani huinama hivyo tangu midogo kufuata mwanga. Cha kutisha ni mnazi uliokuwa umesimama ukaanza kuinama, au mizizi iliyoanza kuonekana upande mmoja.

Na kama watoto au wavuvi wamezoea kupumzika kwenye kivuli chini ya genge, wakatazwe leo. Agosti 2019, huko Encinitas, California, wanawake watatu wa familia moja walikufa wakiwa wamekaa ufukweni mchana kweupe. Genge liliwaangukia, hakukuwa na dhoruba yoyote.

Hatua ya 4: Ondoa maji yako ukingoni

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inafanyika kwa fedha za kawaida.

Chukua paa la mita za mraba 120. Mvua moja ya masika ya milimita 50 inaangusha juu yake lita 6,000. Kwa mwaka, ukipata milimita 1,000, ambazo pwani ya Mombasa na Dar es Salaam hupata bila shida, ni lita 120,000: maboza 12 ya lita 10,000 kila moja. Maji hayo yangeanguka ardhini hata kama nyumba isingekuwepo, ni kweli, lakini yangeanguka yametawanyika. Paa limeyakusanya na kuyamwaga kwenye mistari miwili, na mmoja kati ya hiyo mara nyingi ni upande wa bahari.

Funga gata pande zote, zielekee barabarani. Weka tangi upande huohuo wa barabarani. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5, na nimeona watu wakiliweka ukingoni kabisa ili bustani ipate mgandamizo mzuri wa maji. Maji ya ziada ya tangi yapelekwe kwenye mtaro wa barabara kwa bomba, yasiachwe yakamwagika chini ya tangi.

Kama kiwanja kinateremka kuelekea baharini na huna pa kupeleka maji, chimba mtaro wa kuyakinga mita kadhaa kabla ya ukingo, ujengewe kwa mawe na saruji usivuje, uyapeleke pembeni hadi kwenye bomba zima linaloshuka mpaka chini kabisa ya genge, na pale linapomwaga pawekwe mawe makubwa. Bomba linaloishia katikati ya genge ni msumeno.

Sasa choo. Watu 6 wakitumia ndoo 3 kila mmoja kwa siku ni lita 360, na kwa mwaka zinapita lita 130,000. Yaani familia inamwaga chini maji mengi kuliko yale ya paa, na hayasubiri masika. Yanakwenda wapi? Kwenye karo, na karo nyingi za pwani ni mashimo yasiyo na sakafu. Fundi akichimba kwenye matumbawe akakutana na ufa, hufurahi: "Choo hiki hakitajaa maisha." Hakitajaa kwa sababu kinamwaga kwenye nyufa za genge lilelile linalobeba nyumba, na kinaishia baharini watoto wanakoogelea. Kila mara ninapoambiwa choo hakijawahi kunyonywa tangu nyumba ijengwe, ninauliza kiko umbali gani kutoka ukingoni.

Karo ihamishiwe upande wa barabarani, mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu na mbali na kisima. Kama kiwanja ni kidogo, jenga tangi la kuziba, lenye sakafu na plasta isiyovuja, linyonywe na gari la majitaka. Ni gharama ya kila mara, sikatai.

Kuvuja kusikoonekana kuna vipimo vyake. Kwa bomba: funga koki zote usiku, soma mita, isome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, unavuja. Kwa bwawa la kuogelea: jaza ndoo maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa maji ya nje yakiwa usawa na ya ndani, weka alama pande zote mbili, rudi baada ya saa 24. Jua limekausha kote sawa; bwawa likiwa limeshuka zaidi ya ndoo, tofauti imeingia ardhini. Na kwa genge zima: lishukie Januari au Februari, wakati kaskazi imekausha kila kitu. Likiwa linatoa maji katikati ya kifua, au kuna mstari wa majani mabichi mahali pamoja juu ya mwamba mkavu, maji hayo si ya mvua. Ni yako au ya jirani.

Jirani ni sura nyingine. Ukikausha kwako na yeye anamwagilia majani ya bustani usiku kucha, mmefanya nusu ya kazi. Nenda ukiwa na picha za genge, usiende na lawama. Wenye nyumba wanne waliokubaliana kujenga mtaro mmoja wa pamoja watalipa kidogo kuliko kila mmoja na wake, na maji hayasimami kwenye mipaka ya hati.

Hatua ya 5: Acha majani, punguza mzigo

Usifyeke ukingo ili upate kuiona bahari. Vichaka, nyasi ndefu, na ule mmea unaotambaa mchangani wenye maua ya zambarau vinashika udongo bila malipo. Pale palipo wazi kwenye mteremko wa udongo, panda nyasi za vetiva kwa mistari inayokata mteremko. Wakati zikikua, tandaza makumbi ya nazi yakiwa yamepangwa kwa safu na kushikiliwa na vigingi vya miti. Makumbi yanavunja kasi ya maji, na pwani hatuna uhaba wake.

Miti mikubwa ni habari nyingine. Kule Husuni Kubwa mimea ilipunguza kweli kasi ya maji ya mvua, lakini ileile ilipasua kuta za mawe kwa mizizi. Mvinje mrefu ukingoni hupokea upepo wote wa kusi na kuutikisa mwamba kama mtu anayeng'oa kigingi. Ukate juu, uache kisiki na mizizi. Usiung'oe.

Mzigo mwingine wote urudi nyuma: matofali, mchanga wa ujenzi, gari, banda la kuku la zege. Na kifusi kisitupwe gengeni kwa kudhani kinaongeza ardhi. Kinaua majani yaliyokuwa yakiishika.

Hatua ya 6: Kabla ya kujenga ukuta wa bahari

Kuta zinafanya kazi, zikijengwa kama zinavyostahili. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, ilianza kulika chini hadi serikali ya Kenya ikajenga ukuta wa kuikinga. Dar es Salaam, ukuta wa Barabara ya Barack Obama ulijengwa upya kwa fedha za miradi ya tabianchi. Hizo ni kazi za wahandisi, zenye vipimo vya mawimbi na misingi iliyoshuka chini ya usawa ambao mchanga unaweza kuchotwa.

Ukuta wa mtu mmoja mbele ya kiwanja chenye upana wa mita 20 ni kitu kingine. Wimbi likigonga ukuta ulio wima hurudi na nguvu zake, linachota mchanga mbele ya ukuta, msingi unabaki wazi, ukuta unalala kifudifudi. Pembeni unapoishia, maji yanazunguka na kumla jirani, kisha yanaingia nyuma yako. Ukuta usio na matundu ya kutolea maji unasukumwa na maji ya mvua kutoka ndani; hapo umelipa ili kujenga bwawa.

Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, inaeleza upande mwingine wa hesabu. Ufuo wake ulilika hadi majengo yakaingia baharini, na miongoni mwa sababu zilizoandikwa na watafiti ni uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoulisha ufuo huo. Mchanga wa mto ulioishia kwenye tofali haukufika pwani. Na mchanga ulio miguuni mwa genge ndio ukuta wa kwanza. Wimbi linalovunjikia mchangani halifiki kwenye mwamba. Kwa hiyo anayekuja na mkokoteni kuchota mchanga chini ya nyumba yako, au kubandua mawe ya matumbawe, anachota msingi wako. Ripoti kwa mtendaji, kwa chifu, au kwa kikundi cha usimamizi wa fukwe kilichopo.

Kama mhandisi ameona eneo na bado anasema ukuta, pendelea mawe makubwa yaliyolazwa kwa mteremko kuliko zege lililosimama wima, na jenga pamoja na majirani. Kibali cha mamlaka ya mazingira ni lazima: NEMA kwa Kenya, NEMC kwa Tanzania Bara, ZEMA kwa Zanzibar, pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira. Ukuta uliojengwa usiku huvunjwa mchana, kwa gharama yako.

Hatua ya 7: Hati na mita 60

Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kenya, kanuni za upimaji huacha ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa pale ardhi ya serikali inapopimwa ili kugawiwa, na Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Maana yake kwa mwenye kiwanja: bahari ikisogea, alama nayo inasogea. Kiwanja hakirudi nyuma barabarani kukufidia.

Mwite mpima ardhi mwenye leseni wakati bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zingalipo. Apige vipimo vya bikoni zote, hasa za upande wa bahari, akupe ramani yenye tarehe. Bikoni ikishaanguka majini, mabishano na jirani yanaanza.

Soma bima yako sehemu ya yasiyolipwa, tena kwa miwani. Ardhi kumomonyoka polepole mara nyingi imo humo. Hata Uingereza, penye bima ya kila kitu hadi ya paka, mwenye nyumba ukingoni hapati bima ya kulika kwa pwani.

Kama bado hujanunua, na dalali anakuharakisha, nenda kaone kiwanja siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa, na urudi maji yakiwa yamepwa ukitazame kutoka chini. Dalali hapendi kushuka chini.

Hatua ya 8: Weka mstari wa kuhama

Mstari huu uwekwe siku ya jua, familia ikiwa mezani. Ukingo ukifika umbali fulani kutoka ukutani, au ufa ukipanuka kwa kiasi fulani, tunahama, hakuna kikao kingine. Kwa udongo, umbali huo usiwe chini ya urefu wa genge. Kwa matumbawe, chukua kina cha tumbo uzidishe mara mbili, uongeze mita kadhaa za usalama, kisha mhandisi akurekebishe.

Kabla ya kuufikia mstari, hamisha maisha kurudi nyuma ndani ya nyumba yenyewe. Vyumba vya kulala viwe upande wa barabarani, upande wa bahari ubaki sebule ya mchana. Chumba cha ukingoni kikivunjwa mapema na kwa mpango, unaokoa mabati, mbao, milango, madirisha, nyaya na matofali. Vyote hivyo vinajenga chumba kingine nyuma au kwenye kiwanja kingine. Mnara wa taa wa zamani wa Belle Tout, kusini mwa Uingereza, 1999 ulisukumwa mzima mzima mita 17 kutoka ukingoni. Sisi hatuna mitambo hiyo, ila nyumba ya mbao na makuti au mabati inafunguliwa na mafundi wanne kwa siku chache, na ujenzi mpya ukingoni, kama lazima uwepo, uwe wa namna hiyo.

Makaburi yazungumzwe mapema kuliko nyumba. Koo nyingi za pwani zina wazee wao wamelala upande wa bahari, na hakuna linalovunja moyo kama kuona sanda ikichungulia gengeni. Kuhamisha mabaki kunahitaji ruhusa ya serikali, ushauri wa sheikh au padri, na maelewano ya ukoo mzima, na maelewano ya ukoo hayapatikani kwa wiki moja. Anza na mzee mkubwa kuliko wote. Piga picha kila kaburi na uandike jina, maana mara nyingi anayejua nani amelala wapi ni mmoja tu.

Hatua ya 9: Usiku wa kuanguka

Utabiri wa hali ya hewa ukitaja dhoruba au kimbunga, kama ilivyokuwa kwa Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, na kalenda ikaonyesha bamvua, usilale hapo. Hati, vyeti, dawa na simu viwe kwenye begi moja tangu mchana.

Ukisikia mgurumo wa chini, vitu kupasuka, au milango kujifunga na kugoma kufunguka, toka kwa upande wa barabarani. Zima umeme kwenye swichi kuu ikiwa iko njiani tu. Funga gesi kwa masharti hayohayo. Gongea majirani wa kulia na kushoto kwa sababu genge likivunjika halifuati ukuta wa uzio. Tanzania piga 114, Kenya 999 au 112.

Usirudi kuchukua kitu, na usiruhusu umati usogee kupiga picha. Pande likishaanguka, lililo nyuma yake limepoteza egemeo, na linaweza kufuata baada ya saa moja au baada ya siku tatu. Funga kamba mita 20 nyuma ya ukingo mpya. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kwenda kuokota mabati, chukua lile daftari, usimame kwenye kona ya nyumba iliyobaki, na upime upya hadi ukingo ulipo sasa kwa kutumia mwanzi.